Anamezwa, Anatoka, Anahamia: Fangasi Ndani ya Seli za Kinga

Katika video zilizopigwa kwa hadubini, zile ambazo saa nyingi za maabara hubanwa zikawa sekunde chache, kuna tukio moja ambalo sichoki kulitazama. Seli kubwa ya kinga iitwayo makrofaji inatambaa polepole, na ndani yake mna chembe mbili tatu za fangasi aitwaye Cryptococcus neoformans, za mviringo na zenye kung'aa pembezoni. Kwa muda mrefu hakuna linalotokea. Kisha, bila dalili yoyote ya kupasuka, chembe zile zinasukumwa upande mmoja wa seli na mara zinaonekana ziko nje. Makrofaji inaendelea kutambaa ikiwa nzima kabisa. Fangasi naye anabaki pale alipoachwa, akiwa hai, na baada ya muda anaanza kuchipua chembe mpya.

Jambo hili liliripotiwa mwaka 2006 na makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali, moja likiongozwa na Robin May huko Birmingham, Uingereza, na jingine na Arturo Casadevall huko New York. Kabla ya hapo wengi wetu tulifundishwa kwamba kijidudu kikishamezwa na seli ya kinga kina njia mbili tu: ama kinasagwa humo ndani, ama kinazaliana hadi kuipasua seli na kutoka juu ya maiti yake. Njia ya tatu, ya kuondoka huku mwenye nyumba na mgeni wote wakiwa wazima, haikuwamo katika vitabu nilivyosomea. Watafiti waliipa jina la vomositosisi, kwa kuwa seli inaonekana kana kwamba imetapika.

Mimi kazi yangu ni ya maabara ya hospitali, si ya utafiti, na fangasi huyu, anayesababisha homa ya uti wa mgongo, nimemjua kwanza kwa njia ya zamani kabisa. Tone moja la maji ya uti wa mgongo linawekwa juu ya kioo, linachanganywa na tone la wino mweusi wa India, linafunikwa kwa kioo chembamba, na kioo kinawekwa chini ya hadubini. Wino unaujaza uwanja wote giza la kahawia, lakini hauwezi kupenya ganda nene la sukari ambalo chembe ya fangasi hujifunika nalo. Kwa hiyo kila chembe huonekana ikiwa imezungukwa na duara jeupe, wakati mwingine pana kuliko chembe yenyewe, na ukibahatika utaona mbili zilizoshikana, mama na chipukizi lake, ndani ya duara moja. Asiye mzoefu huweza kudhani seli nyeupe ya damu au kiputo cha hewa ni fangasi. Mzoefu huangalia ukingo kama umekatika kwa ukali, na hutafuta chipukizi. Ganda hilo ndilo mwanzo wa habari yote ninayotaka kuieleza, kwa sababu ndilo linaloifanya makrofaji ishindwe kumshika fangasi kwa urahisi, na ndilo, kama nitakavyoeleza mbele, linalomsaliti.

Makazi ya kawaida ya fangasi huyu ni udongo, magome ya miti na kinyesi cha njiwa kilichokauka. Tunamvuta kwa pumzi, na huenda wengi wetu tulimvuta tangu utotoni bila kujua. Anapofika katika vifuko vya hewa vya mapafu, wa kwanza kukutana naye ni makrofaji zinazokaa humo kwa kazi ya kufagia vumbi na vijidudu. Humezwa, na kuwekwa katika kifuko ndani ya seli ambacho hutiwa asidi na vimeng'enya vya kusaga. Vijidudu vingi hufa hapo. Cryptococcus hastahimili tu asidi ile, bali huweza kuzaliana ndani yake vizuri. Rangi nyeusi ya melanini iliyo katika ukuta wake humkinga na sumu za oksijeni ambazo seli humwagia, na sukari za ganda lake huachiwa kidogo kidogo ndani ya seli iliyommeza. Kwa mtu mwenye kinga imara, seli nyingine za kinga, hasa seli T zenye alama ya CD4, huzichochea makrofaji hadi zikaweza kummaliza au angalau kumfungia mahali pamoja. VVU vinapoziangamiza seli hizo za CD4, makrofaji hubaki bila mchochezi, na aliyemezwa huwa amepata pa kuishi.

Katika elimu ya afya tumezoea kueleza kinga kwa lugha ya vita, askari wa mwili upande huu na wavamizi upande ule. Ni lugha inayoeleweka haraka, nami huitumia ninapozungumza na wagonjwa. Kwa fangasi huyu, hata hivyo, lugha hiyo inaficha lililo kubwa zaidi, nalo ni kwamba makrofaji ni makazi yake na pia chombo chake cha kusafiria, na kwamba faida au hasara ya kila safari haijulikani mpaka ujue nani amempokea upande wa pili.

Tuanze na kule kutoka. Swali la kwanza ambalo watafiti walijiuliza ni kama seli ndiyo inayomtoa fangasi au fangasi ndiye anayejitoa. Walipozilisha makrofaji chembe zilizouawa kwa joto, au vishanga vya plastiki vyenye ukubwa kama huo, havikutolewa nje. Ni lazima fangasi awe hai, kwa hiyo yeye ana mkono katika jambo hili. Lakini mwaka 2010 Simon Johnston na Robin May walionyesha kwamba seli nayo haikai kimya. Protini iitwayo aktini, ile ile inayoipa seli umbo na uwezo wa kutambaa, hujikusanya ghafla kuzunguka kifuko chenye fangasi, ikafanya kama kizimba, kisha ikatawanyika, na baadaye ikajikusanya tena. Mimweko hiyo ilionekana kurudiwa mara nyingi katika seli moja, na walipoizuia kwa dawa, fangasi walitoka kwa wingi zaidi. Maana yake ni kwamba seli ilikuwa inajitahidi kumzuia asitoke. Naona jambo hili lina uzito, kwa sababu linaondoa ile dhana rahisi ya kwamba seli imemshindwa mgeni na kumtupa nje ili iokoe nafsi yake. Humo ndani kuna mvutano wa saa nyingi ambao kwa nje hauonekani, na matokeo yake si yale yale katika kila seli.

Njiwa nao wana nafasi yao katika habari hii. Kinyesi chao humlisha fangasi huyu, lakini wenyewe kwa kawaida hawaugui. Joto la mwili wa ndege hukaribia nyuzi 42, ambalo ni kali kwa Cryptococcus, na makrofaji zao zilipochunguzwa maabara zilionekana kumdhibiti vizuri na pia kumtoa nje kwa njia ile ile ya vomositosisi. Wanaopendekeza tuwaue njiwa wa mjini kwa ajili ya ugonjwa huu nadhani wanaelekeza rungu pasipo adui. Fangasi yumo katika mazingira yetu hata wasipokuwapo njiwa, na kinachoamua nani augue ni hali ya kinga ya mtu.

Mwaka 2007 makundi yale yale mawili yaliripoti jambo la pili ambalo kwangu ni la ajabu kuliko la kwanza. Chembe ya fangasi ilionekana ikihama kutoka makrofaji moja hadi nyingine iliyogusana nayo, moja kwa moja, bila ya kuonekana ikielea nje kati ya hizo mbili, kama abiria anayeshuka daladala moja na kupanda nyingine bila kukanyaga barabara. Si jambo la kila dakika. Katika rekodi ndefu huonekana mara chache. Lakini umuhimu wake hauhitaji hesabu kubwa. Kingamwili zilizomo katika damu, yaani protini za kinga zinazonata juu ya vijidudu, na dawa zile zisizopenya vizuri ndani ya seli, hufanya kazi yake nje ya seli, na chembe inayohama kwa namna hii haitoki nje kwa muda wa kutosha kukutana nazo.

Kwa miaka kadhaa haikuwa wazi kama kuna mlango maalumu unaofunguka kati ya seli mbili. Mwaka 2019 kundi la Casadevall, ambalo wakati huo lilikuwa limehamia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, lilichapisha ushahidi kwamba mambo ni mepesi kidogo kuliko hivyo: seli ya kwanza humtoa fangasi kwa njia ya vomositosisi mahali hasa zinapogusana, na seli ya pili humdaka na kummeza papo hapo. Walipoziba vipokezi ambavyo makrofaji hutumia kushika kitu kilichofunikwa na kingamwili, uhamisho ulipungua. Kwa maneno mengine, kingamwili zilizoganda juu ya fangasi, ambazo tumezihesabu kuwa upande wetu, ndizo zinazomsaidia jirani kumpokea. Niliposoma hapo nilitua kalamu. Ni vigumu kupata mfano mwingine unaoonyesha kwa ufupi hivyo kwamba chombo kimoja cha kinga huweza kutumika kwa pande mbili.

Wagonjwa wetu hawafi kwa sababu ya mapafu, wengi hufa kwa sababu ya ubongo. Kati ya damu na ubongo kuna ukuta wa seli zilizobanana sana, na namna fangasi huyu anavyouvuka imechunguzwa kwa miaka mingi. Anaweza kupita mwenyewe kwa kupenya seli za ukuta huo, na anaweza kupita kati ya seli hizo baada ya kulegeza maungio yake. Njia ya tatu ni kubebwa. Mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Pasteur ya Paris waliwachoma panya seli za kinga ambazo tayari zilikuwa zimemeza fangasi, na panya wengine wakawachoma fangasi walio huru. Waliopewa fangasi ndani ya seli walikutwa na mzigo mkubwa zaidi wa fangasi kwenye ubongo. Baadaye, katika maabara, seli zenye fangasi zilionekana zikivuka ukuta wa mfano wa mishipa ya ubongo zikiwa na mzigo wao ndani. Waandishi wa Ulaya wanapenda kuita njia hii farasi wa Troya, yule wa mbao wa hadithi ya Wagiriki aliyeingizwa mjini akiwa na askari tumboni. Sina ugomvi na jina hilo, ila farasi yule alijengwa na adui, na hapa anayembeba fangasi hadi ubongoni ni seli yetu wenyewe, iliyotoka katika uboho wa mifupa yetu.

Akishafika ubongoni, ganda lake la sukari huachwa kwa wingi katika maji yanayouzunguka ubongo na kuziba njia ambazo maji hayo hutumia kurudi kwenye damu. Shinikizo linapanda, na ndipo huja maumivu makali ya kichwa yasiyosikia panadoli, kutapika, kuona vitu viwili viwili, na mwishowe kupoteza fahamu. Kuyatoa maji hayo kwa sindano ya mgongo, mara kwa mara kama inavyohitajika, ni sehemu ya matibabu sawasawa na dawa. Hapa tunakutana na hofu iliyoenea katika nchi zetu kwamba mtu akitolewa maji ya mgongo hapati nafuu tena. Nakumbuka mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi, akaniita nilipokuwa nachukua sampuli.

"Mwanangu, hayo maji mkishayatoa, yanarudi?"

"Yanarudi, mama. Mwili unayatengeneza kila siku."

"Sasa kama yanarudi, mnayatoa ya nini?"

Lilikuwa swali la haki kabisa, na lilistahili jibu zuri kuliko karipio ambalo ndugu wa wagonjwa huambulia mara nyingi. Nilimweleza kwamba yamezidi kwa sababu njia ya kutokea imeziba, na kwamba kinachomuumiza mwanawe kichwa ni shinikizo lile. Alikubali. Hofu hii haitokani na ujinga. Watu wameona kwa macho yao wagonjwa wakichomwa sindano hiyo na kufa siku chache baadaye, kwa kuwa wengi hufikishwa hospitali wakiwa wameshachelewa.

Kukaa ndani ya seli kunaeleza pia jambo jingine ambalo zamani lilikuwa fumbo. Mwaka 1999 watafiti wa Ufaransa walichapisha habari za wagonjwa tisa wenye asili ya Afrika waliougulia Ufaransa baada ya kuishi huko kwa miaka mingi bila kurudi kwao, na nusu yao walikuwa hawajagusana na Afrika kwa zaidi ya miaka tisa. Fangasi waliopatikana kwao walifanana kwa vinasaba na wale wa Afrika kuliko na wale wa Ulaya. Walikuwa wamesafiri naye, amelala kimya mwilini, mpaka kinga ilipoanguka. Fangasi anayeweza kukaa ndani ya makrofaji bila kuiua, na kuhamia jirani inapochakaa, ana uwezo wa kungoja kwa namna hiyo.

Nisimfanye kila fangasi kuwa Cryptococcus. Candida albicans, anayesababisha utando mweupe mdomoni kwa wagonjwa wengi tunaowaona, hana subira hiyo. Akimezwa hubadili umbo, anarefuka kuwa uzi, anaitoboa seli kutoka ndani, na hutoa sumu ya protini iitwayo kandidalisini, iliyotambuliwa mwaka 2016, ambayo huharibu utando wa seli.

Aspergillus fumigatus ndiye aliyenifanya nibadili mawazo yangu kuhusu uhamisho. Mbegu zake ziko katika hewa tunayovuta kila siku, na ni hatari hasa kwa waliopandikizwa viungo na wanaotumia dawa za kushusha kinga. Mwaka 2016 kundi la Darius Armstrong-James la Imperial College huko London lilionyesha kwamba makrofaji za binadamu zilizomeza mbegu hizo, pale zinapoanza kuota na kutishia kuipasua seli, hufa kwa utaratibu na kumkabidhi jirani aliye hai mbegu ile kabla haijawa uzi mrefu. Aliyepokea huweza kuidhibiti vizuri zaidi. Hapa uhamisho unafanana kwa nje na ule wa Cryptococcus, lakini anayenufaika ni mgonjwa. Makabidhiano hayo huendeshwa na kimeng'enya kiitwacho kalsinurini, na dawa ya takrolimusi, ambayo hupewa waliopandikizwa viungo ili mwili usikikatae kiungo kipya, hukizima kimeng'enya hicho hicho. Matokeo yake uhamisho unavurugika na mbegu nyingi zaidi huota bila kizuizi. Tumekuwa tukisema kwa ujumla tu kwamba dawa hizo "zinashusha kinga"; sasa tunaweza kuonyesha angalau tendo moja mahususi linalozimwa, kati ya seli hii na jirani yake.

Mtu anaweza kuuliza Cryptococcus alijifunzia wapi haya, maana binadamu hamfai kitu. Hatoki kwetu kwenda kwa mtu mwingine kwa kukohoa. Tukifa naye, kwa kawaida, safari yake imeishia hapo. Jibu linaloaminiwa na wengi liko katika udongo, ambako amiba, viumbe vya seli moja, humwinda na kummeza kila siku. Aldo Castellani, daktari Mwitaliano ambaye mwaka 1903 akiwa Entebbe aliona vimelea vya malale katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, ndiye pia aliyeona mwaka 1930 amiba wakila chembe za hamira katika sahani yake ya maabara, na amiba hao leo wana jina lake, Acanthamoeba castellanii. Mwaka 2001 kundi la Casadevall liliwaweka amiba hao pamoja na Cryptococcus, na likaona kwamba fangasi anamezwa, anaishi na kuzaliana ndani ya amiba kwa namna inayofanana sana na ile ya makrofaji. Baadaye vomositosisi nayo ilionekana kwa amiba. Kwa hiyo silaha zake zote alizinoa kwa ajili ya kiumbe kingine, na sisi tumekutwa njiani.

Haya yote yana maana gani wodini? Makadirio ya mwaka 2020 yanahesabu wagonjwa wapatao 152,000 wa homa ya uti wa mgongo ya Cryptococcus miongoni mwa wanaoishi na VVU duniani, na vifo vipatavyo 112,000, vilivyo vingi vikiwa Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka 2022 matokeo ya utafiti wa AMBITION, uliofanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, yalionyesha kwamba dozi moja kubwa ya dawa ya fangasi iitwayo amfoterisini ya liposomu, ikifuatana na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, si dhaifu kuliko matibabu ya siku nyingi za dripu. Waliofariki ndani ya wiki 10 walikuwa asilimia 24.8 dhidi ya 28.7, na madhara ya dawa yalipungua. Baada ya hapo mgonjwa huendelea na flukonazoli kwa mwaka mmoja au zaidi, mpaka CD4 zipande. Wagonjwa hulalamikia urefu wa vidonge hivyo, hasa kichwa kikishaacha kuuma, na nadhani tungewasaidia zaidi kama tungewaeleza habari ya chembe zinazoweza kubaki ndani ya seli kuliko kuwaambia tu "usiache dawa".

Utafiti wa COAT wa Uganda na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2014, ulileta fundisho jingine gumu. Walioanzishiwa dawa za kufubaza VVU wiki moja au mbili baada ya kugunduliwa walikufa zaidi, asilimia 45 katika wiki 26, kuliko waliosubiri takriban wiki tano, ambao walikuwa asilimia 30. Kuiamsha kinga haraka mahali ambapo fangasi bado amejaa kulionekana kuwa na hatari yake.

Nilisema ganda lake humsaliti. Popote anapojificha, sukari za ganda hilo humwagika katika damu, na kipimo cha karatasi kiitwacho CrAg huzinasa kwa dakika kumi kwa gharama ndogo. Uchunguzi uliofanyika Entebbe na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba sukari hizo huonekana katika damu wiki tatu hivi kabla ya dalili, na kwa wengine miezi kadhaa. Utafiti wa REMSTART wa Dar es Salaam na Lusaka, uliochapishwa mwaka 2015, ulipounganisha kipimo hicho na kuwatembelea wagonjwa majumbani, vifo vilipungua kwa asilimia 28. Ila ili umpime mtu CrAg ni lazima kwanza ujue kwamba CD4 zake zimeshuka chini ya 200, na tangu kliniki zilipoanza kumwanzishia dawa kila mwenye VVU bila kungoja CD4, kipimo hicho cha CD4 kimeachwa katika vituo vingi. Mashine zipo zilizofunikwa vitambaa, nyingine zinasubiri kemikali, na mgonjwa aliyeacha dawa miaka miwili akarudi akiwa amekonda huandikiwa vidonge vyake na kuruhusiwa aende nyumbani bila yeyote kuuliza CD4 zake ziko ngapi.